Nani Aliliosha Tofali?

Haron Maina alilala kifudifudi kando ya mtaro wa damu, na wachinjaji walikuwa wakimruka.

Wakimruka! Inspekta Mwongeli Ndambuki alisimama mlangoni mwa kichinjio kule Dagoretti akamwona mtu mzima, ndoo mkononi, akiinua mguu juu ya maiti kana kwamba anavuka dimbwi. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, mwaka wa 2007, na Ijumaa buchari zote za Kawangware na Riruta hungoja nyama.

"Tokeni nje!" alifoka. "Wote! Hamna hata haya? Mtu amekufa hapa!"

"Lakini madam, ng'ombe wako foleni," mmoja akanung'unika.

"Wacha wakae foleni. Hao hawana haraka ya kufa."

Walitoka. Mwongeli alichuchumaa. Marehemu alikuwa mkaguzi wa nyama, kijana wa miaka thelathini hivi. Alikuwa bado amevaa aproni na glavu, zote zimelowa damu mpaka viwikoni, na kisu cha kazi kilikuwa karibu na mkono wake. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Chuma cha kunolea visu kilikuwa chini ya meza, kimetupwa tu.

"Alipigwa akiwa kazini," Inspekta alisema. "Jana jioni. Amekauka."

Konstebo Tobias, msaidizi wake, alikuwa ukutani akitazama misumari ambayo wachinjaji hutundika visu vyao. "Madam, hebu kuja uone. Kuna kompyuta hapa."

Ilikuwa kompyuta ya mkononi, nzito, yenye mpira mweusi pembeni na kioo kinene. Ililetwa na mradi wa wafadhili ili mkaguzi aandike kila ng'ombe hapo hapo na kutuma habari moja kwa moja makao makuu. Pale kichinjioni waliibandika jina la Tofali. Sasa lilining'inia kwa mkanda wake katikati ya visu.

Mwongeli alivaa glavu zake, akalishika. Meza ilikuwa na damu. Kuta zilikuwa na damu. Hata swichi ya taa ilikuwa na damu. Tofali lilikuwa safi na linanukia sabuni, na mkanda wake ulikuwa bado na unyevu.

"Piga unga kwa alama za vidole," alisema.

Tobias alipiga, akatikisa kichwa. Hapakuwa na alama hata moja.

Msimamizi wa wachinjaji aliitwa Nashon, mtu wa makamo mwenye buti za mpira. Aliletwa ndani.

"Mnyama wa mwisho jana alikuwa yupi?"

"Ng'ombe wa maziwa, mweusi na mweupe. Aliletwa na pikapu kama tunafunga. Tukamchinja haraka haraka, daktari akasema twende nyumbani, Haron atamalizia."

"Daktari gani?"

"Daktari Wachira. Ndiye mkubwa wa Haron."

"Nani huosha hii tofali?"

Nashon alimtazama kama amesikia matusi. "Kuosha? Na maji? Hiyo ni kompyuta, madam! Ikiharibika nitalipa na figo? Sisi hata kuigusa hatugusi. Kuna siku ilinyesha nikavua koti nikaifunika, mimi mwenyewe nikanyeshewa."

"Na Haron?"

"Haron alikuwa anaipanguza tu na kitambaa, akimaliza kazi."

"Jana alikuwa amemaliza?"

Nashon aliangalia glavu za marehemu. Machozi yakamtoka. "Hapana. Angekuwa amevua hizo. Huyo kijana alikuwa msafi, madam. Nani amemfanya hivi?"

Daktari Wachira mwenyewe alifika baadaye kidogo, tai shingoni, sura ya majonzi. Alisema aliondoka jana na wafanyakazi. Alisema Haron alikuwa kama mwanawe. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama nyama ya jana iliyo kwenye chumba cha baridi inaweza kutoka, maana imeshakaguliwa na watu wanataka kula.

Inspekta alikubali. Hakuwa na sababu ya kukataa. Alipeleka mwili kwa mwanapatholojia na aproni maabara, akafunga ukumbi wa kuchinjia, akaelekea mjini.

Wakala aliyeuza zile kompyuta alikuwa na ofisi ndogo juu ya duka la nguo katikati ya jiji. Jina lake Debra, msichana mchangamfu, lakini aliposikia habari za Haron aliketi ghafla.

"Haron? Ule mpole? Jamani, si alikuwa hapa juzi juzi!"

"Dada, niambie. Hii kitu ikiingia maji inaharibika?"

"Hii? Hata!" Debra alipanguza macho. "Unaweza kuiosha na mpira wa gari. Ukiiangusha, inaokotwa na kazi inaendelea. Ndio maana ni ghali hivyo. Imetengenezewa watu wa matope."

"Na nani kule Dagoretti anajua hivyo?"

"Wawili tu. Nilifundisha Haron na mkubwa wake. Niliimwagia jagi nzima ya maji mbele yao, yule daktari akaruka kwa kiti!" Alitaka kucheka, akashindwa. "Nilitaka kufundisha na wachinjaji. Daktari akakataa. Akasema hao watu wa damu wataizoea vibaya, wacha waiogope."

Mwongeli alimtazama Tobias. Tobias alikuwa ameshaelewa.

Debra aliwasha Tofali. Liliwaka bila shida yoyote. Inspekta alimwambia amtafute ng'ombe wa mwisho, mweusi na mweupe, naye akapitia wote wa jana. "Mweusi na mweupe hayuko. Huyo hakutumwa."

Simu ya Inspekta ililia. Ilikuwa maabara, na aliyepiga hakuwa na muda wa salamu.

"Ile damu kwenye aproni, ya ng'ombe, tumeiona kwa darubini. Ni kimeta. Unanisikia, Inspekta? Kimeta! Mtu akiikata hiyo nyama na mkono wenye mchubuko anaugua. Akiila anaweza kufa. Iko wapi?"

Ng'ombe mzima wa kimeta, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema nyama itoke.

Tobias alipiga simu kichinjioni. Bawabu alisema chumba cha baridi kimebaki kitupu. Nyama imeenda huku na huku, yeye hajui ipi imeenda wapi, na Nashon na vijana wameshatoka. Simu ya Nashon haikupatikana.

"Funga buchari zote!" Inspekta alipaza sauti kwenye redio ya polisi akishuka ngazi. "Kawangware, Riruta, Dagoretti yote! Hakuna mtu kuuza hata matumbo! Wakipiga kelele, waambieni ni mimi."

Lakini alijua buchari ni nyingi na askari ni wachache. Aliyeomba nyama itoke ndiye angejua ng'ombe yule alikokwenda. Na huyo mtu, walipoulizia, alikuwa Kilimani, kwenye kliniki yake ya kibinafsi, akimchanja mbwa.

Akimchanja mbwa! Haron hajafikisha hata siku moja mochari.

Kliniki ilikuwa chini ya jengo jipya la fleti, sakafu inang'aa. Daktari Wachira aliwakaribisha ofisini. Mezani palikuwa na simu yake mpya ya kazi, moja ya zile za vitufe vingi ambazo wakubwa walikuwa wakiringia siku hizo. Karani wake, Becky, alileta jagi la maji na gilasi.

Inspekta hakuketi. Alitoa Tofali mkobani, akaliweka katikati ya meza, akachukua jagi na kumimina maji yote juu yake.

"Wuui!" Becky alipiga mayowe. "Madam! Kompyuta ya watu!" Aliliparamia Tofali kwa mikono miwili, akalipangusa kwa sketi yake.

Daktari alikuwa amenyakua simu yake na kuinua juu. Tofali hakuligusa. Hata kulitazama hakulitazama.

"Becky, asante. Tuache kidogo," Inspekta alisema. Mlango ulipofungwa, aliinama mezani. "Umeokoa simu yako tu."

"Sijaelewa."

"Umeelewa. Kila mtu Dagoretti anaogopa maji yaguse hii kitu. Nashon aliivulia koti. Lakini jana kuna mtu aliipiga maji ya moto na sabuni, halafu akaitundika na visu, kama mnavyofanya na kila kitu kinachotoka kwa damu. Hakuwa Haron. Haron alikufa na glavu."

"Hiyo si ushahidi. Nataka wakili."

"Utapata wakili. Nyama iko wapi?"

Daktari alianza kupangusa simu yake kwa tai.

"Ng'ombe alikuwa na kimeta, daktari. Maabara imesema. Nyama iko wapi?"

Uso wa Wachira ulibadilika. "Si kimeta. Alivimbiwa tu. Nilimwambia Haron amevimbiwa."

"Ulimwambia saa ngapi, kama uliondoka na wafanyakazi?"

Alifumba macho. Tobias alitoa pingu, akangoja.

"Alikuwa ng'ombe wangu," Wachira alisema hatimaye. "Kutoka boma langu huko Kikuyu. Alianguka jana, nikasema afadhali achinjwe kabla hajafa. Haron akapasua, akaona wengu imevimba, damu haigandi. Akasema daktari, hii naikataa. Nikamwambia ngoja kwanza, tuongee. Akasema hakuna kungoja, natuma."

"Na angetuma?"

"Wangefunga boma langu lote! Karantini! Maziwa yote kumwagwa, na jina langu kwenye redio. Mimi ndiye nilimfundisha kushika kisu, yule kijana. Alikuja hajui ini na figo! Halafu ananikataza mbele ya ng'ombe wangu, kidole kiko kwenye kitufe." Alipumua. "Chuma kilikuwa mezani. Nilimpiga. Mashine ikaanguka kwenye damu. Nikaiosha. Sikufikiria. Mikono iliosha yenyewe."

"Nyama!" Mwongeli aligonga meza hadi gilasi ikaanguka. "Nakuuliza mara ya mwisho! Watu wanaenda kula!"

Wachira alitazama saa ya ukutani.

"Kabiria," alisema.

"Kabiria wapi? Buchari gani?"

"Si buchari. Kwa Haron. Kwenye matanga." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Mfanyakazi wa kichinjio akifiwa, sisi hupeleka nyama. Ni desturi yetu. Nashon akaniuliza, daktari, huyu wako hana muhuri wa ukaguzi, hauzwi, tuwapelekee wafiwa? Vijana wote walikuwa wananiangalia. Nikakubali kwa kichwa."

"Ukakubali."

"Ningesema nini? Ningewaambia ni mbaya, wangeuliza nimejuaje."

Mkono wa Inspekta ulikuwa umeshainuka. Tobias aliudaka hewani. "Madam. Hapana. Twende."

Walimtupa Wachira nyuma ya Landrova na kuondoka mbio. Mwongeli alipiga simu ya mjane njia nzima. Mteja hapatikani kwa sasa. Mteja hapatikani kwa sasa! Alitukana kwa Kikamba, na Tobias akajifanya hajasikia.

Pale Kabiria turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba za mabati. Wanawake wa kanisa walikuwa wakiimba. Sufuria mbili kubwa zilikuwa motoni kwenye mafiga, na mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza ameinua mfuniko, kijiko mkononi, watoto wamemzunguka na vikombe vyao kungojea supu.

"Usipakue!" Inspekta aliruka kabla gari halijasimama. "Mama, weka kijiko chini! Kuna mtu amekula?"

"Bado, lakini kwani..."

Aliwasukuma watoto nyuma, akapiga teke sufuria ya kwanza. Halafu ya pili. Mchuzi ulizima moto kwa kishindo na mvuke ukapanda.

Matanga yalilipuka. Wanaume waliinuka na viti. "Polisi wamerogwa? Mnamwaga chakula cha maiti?" Nashon mwenyewe alikuja akifoka kwamba ile nyama wameibeba mabegani, ni heshima ya mwenzao.

"Tobias, mlete!"

Wachira alishushwa, pingu mikononi. Nyimbo zilikatika. Mwongeli alimsukuma mpaka mbele ya mafiga.

"Waambie. Kwa mdomo wako."

"Msile," alisema akitazama chini. "Ng'ombe alikuwa mgonjwa. Alikuwa wangu. Haron... Haron alimkataa."

"Na wewe?" Inspekta aliuliza.

"Nikamuua."

Nashon aliinama akatapika. Mama wa kanisa aliyeshika kijiko alianza kulia kwa sauti. Kutoka mlangoni alitoka Waceke, mjane wa Haron, kijana bado, kitambaa cheusi kichwani. Watu walimpisha. Alikuja hadi mbele ya Wachira na kunyoosha mikono yake. Kwenye kidole gumba palikuwa na jeraha bichi la kisu.

"Hiyo nyama niliikata mimi," alisema. "Walinikatalia, wakasema mfiwa hafanyi kazi. Nikasema acheni, ni zawadi ya watu wa Haron, niikate mwenyewe. Nikaombea aliyeileta."

Wachira aliliona lile jeraha. Mdomo wake ulianza kwenda mbio. "Lioshe na sabuni sasa hivi. Usiliminye. Uende hospitali leo, waambie ni kimeta, wakupe penisilini, usingoje kesho. Na wote waliogusa. Ukiwahi utapona, Waceke. Nakwambia ukiwahi—"

"Kumbe unajua kusema," Waceke alimwambia.

Kisha akamgeukia Inspekta, akaomba apelekwe hospitali, na kupanda gari.