Matete ya Chumbani

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa: jua, nzi na uharibifu. Mama Matete, jina alilobandikwa na mtaa kwa kuwa kazi yake katika ofisi ya mazingira ilikuwa kuotesha matete kandokando ya kinamasi, alikuta ukanda wake umefyekwa tena. Umebaki mweupe kama kiganja. Tope la mtaani lilikuwa linateremka moja kwa moja majini, halina wa kulizuia.

Mkosaji hakuhitaji kusakwa. Nyumba yake ilisimama palepale kwenye ukanda, saruji mbichi, na ndani yake aliishi mdogo wake Mama Matete, mja mzito, pamoja na mumewe fundi mwashi.

"Shemeji!" fundi alimpokea mlangoni, panga mkononi, meno yote nje. "Umekuja kuzika nyasi zako?"

"Nimekuja kukwambia maji hayana ushemeji. Zile nyasi ndizo zinazoyachuja na kuyazuia. Ukiziondoa, yatakufuata humu."

"Yakija nitayapa kiti."

Mama Matete alikwisha kuwaandikia wakubwa. Alikwisha kuitisha vikao, akasikilizwa na watu waliotikisa vichwa huku wakisinzia. "Tunalifanyia kazi," walimwambia. Kazi gani, Mungu ndiye ajuaye. Yeye haja yake sasa ilikuwa moja tu: kumtoa mdogo wake katika nyumba ile kabla hajajifungulia matopeni.

"Dada," mdogo wake alinong'ona, akimvuta mkono. "Njoo uone kitu."

Sakafu ya chumbani ilikuwa imepasuka. Kila ufa umetoa matete mabichi, yanafika magotini.

"Anayafyeka kila siku. Yanarudi kabla sijamaliza kufagia."

Mizizi hufanya hivyo. Mama Matete aliyasoma hayo chuo kikuu, na jibu alikuwa nalo tayari. Akachuchumaa aonyeshe. Badala yake akaanza kuyahesabu.

Matete ya porini huota ovyo. Haya yalikuwa yamepandwa. Matatu matatu kila shimo, mstari wa pili ukiziba mapengo ya wa kwanza, kila fungu limelazwa kidogo kuelekea maji ili mkondo usiling'oe. Ndivyo alivyopanda yeye. Yeye peke yake. Wenzake walikuwa wakimcheka kwa hilo.

Ila haya hayakuelekea kinamasi. Yalikizunguka kitanda. Yote yalilalia upande wa ukutani.

"Nani hulala upande huu?"

"Yeye."

"Kumbe umekuja kukagua shamba!" Fundi alikuwa nyuma yao. "Msomi mzima, shemeji, unaniroga kwa nyasi?"

"Ningejua kuroga ningeanza na mkurugenzi wangu."

Fundi akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi. Akafuta mdomo kwa kiganja, akakitazama. Hayakuwa mate. Yalikuwa maji maangavu, na ndani yake uzi mmoja wa mwani.

Akakipangusa kiganja kwenye suruali.

"Fungasha," Mama Matete alimnong'oneza mdogo wake. "Sasa hivi. Shemeji, nawe twende. Nakusihi."

"Niache nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu? Kisa nyasi?" Akawasukuma nje ya chumba, akajifungia mlango.

Walilisikia panga. Fyu. Fyu. Mdogo wake alikuwa akikusanya nguo zilizoanikwa sebuleni, akizishindilia katika begi bila kuzitazama. Fyu.

Kisha kimya.

"Mume wangu?"

Mdogo wake akatikisa kitasa.

Mama Matete aliupiga mlango teke mpaka komeo likang'oka. Dirisha lilikuwa na nondo, nzima zote. Panga lilikuwa sakafuni. Kitanda kimetandikwa. Hapakuwa na mtu.

Matete hayakuwa yamekatwa hata moja. Yalisimama wima. Hayakuelekea tena popote.

Ofisi iliandika kwamba mkazi amehama kwa hiari. Mama Matete aliwauliza, amehama kwa kupitia wapi? Wakamwambia asilete ushirikina kazini, tena mtu mwenye shahada. Aliwaomba basi ukanda uoteshwe upya. Wakasema wanalifanyia kazi. Kiwanja alipewa mwingine, naye ameshanunua panga.

Mdogo wake alijifungulia kwa dada yake, salama. Katika nguo alizozishindilia siku ile mlikuwa na shati moja la mumewe, nalo lipo kambani mpaka leo. Mvua haijanyesha tangu mtoto azaliwe, jua linapasua mawe, na shati halijakauka. Linadondosha maji safi, kama yaliyochujwa.

Juzi Mama Matete, aliyechoshwa na yasiyo na maelezo, alichukua ndoo iliyokingwa chini ya shati akayamwage maji. Mdogo wake aliinuka na mtoto mgongoni, akamshika kifundo cha mkono.

"Usiyamwage, dada," alinong'ona. "Yaguse kwanza."

Akayagusa. Yalikuwa na joto la mtu.