Sura Niliyoipiga Pini

Jumatano, tarehe tisa ya mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, ndipo nyumba yangu ilipoanza kubomoka, na aliyepiga nyundo ya kwanza ni mimi. Hakuna aliyesikia kishindo. Hata mimi sikusikia.

Ilikuwa asubuhi tulivu. Mimi ni fundi makochi. Nilikuwa navua kitambaa kuukuu cha kochi la watu watatu, na mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa karakana anakata kitambaa kipya, mkasi wake ukienda polepole kama mtu anayetafuna asiye na haraka. Majirani walimwita Mama Daktari. Daktari mwenyewe ni binti yetu, mtoto wetu wa pekee, ana miaka kumi na sita. Tangu ajue kusoma, kila karatasi iliyoingia nyumbani alitusomea yeye: barua ya mwenye nyumba, maelezo ya chupa ya dawa, kila kitu. Mimi niliishia darasa la nne, mama yake la pili. Basi Daktari akisema jambo la dawa, kwetu lilikuwa limekwisha.

Ndugu zangu wa mtaa huu, shikeni hilo la mwisho. Ndilo lililotumaliza.

Mwalimu Mkuu wa shule ya binti yangu alitokea akiwa amevaa tai, akasimama mbali na vumbi letu.

"Fundi, hiyo mashine yako ya pini inapenya karatasi ngapi?"

"Inapenya mbao, Mwalimu. Sembuse karatasi."

"Basi ichukue, twende."

Mke wangu alicheka. "Haya, mume wangu, leo na wewe unaenda shule. Usichelewe kurudi, na usipigane na wenzako."

Shuleni nilipelekwa stoo. Palikuwa na vitabu vya baiolojia sitini na vinne, vimepangwa juu ya meza. Mwalimu Mkuu alifungua kimoja, akanionyesha: kuanzia ukurasa wa mia moja thelathini na moja hadi mia moja arobaini na nane, pini nne ukingoni, kila kitabu.

"Kuna nini humo?" nikauliza.

"Mambo ya viumbe kubadilika. Wazazi wamekuja juu. Wanasema tunawafundisha watoto kwamba babu zao walikuwa nyani. Mimi sitaki maneno, Fundi."

"Babu yangu nilimwona," nikamwambia. "Hakuwa na mkia."

Tulicheka sote wawili. Mwalimu wa baiolojia, ambaye wanafunzi humwita Darubini kwa unene wa miwani yake, alikuwa amesimama kando ameshika boksi la pini zangu kama msaidizi wa fundi. Hakucheka. Nikamuuliza yeye anaonaje.

"Piga tu, Mzee," akasema. "Mimi hapo huwa napita."

Nikapiga. Kitabu cha arobaini na ngapi sijui, nikaona mwandiko wa binti yangu kwenye jalada. Nacho nikakipiga, nikakaza vizuri zaidi kuliko vingine, maana ni cha mwanangu. Pini za shaba za nusu inchi, zile ninazobania kitambaa cha kiti cha mtu mnene. Sikuuliza neno jingine. Ukiwa na darasa lako la nne, unamuuliza nini Mwalimu Mkuu?

Mwezi wa sita, mke wangu alichanwa mguuni na springi ya kochi bovu. Kidonda kikavimba, kikatoa usaha. Zahanati wakampa vidonge vya rangi mbili, vya siku kumi, kutwa mara tatu. Siku ya nne kidonda kilikuwa kimekauka, lakini tumbo lilimsokota.

"Daktari," akamwita binti yake, "hivi nikishapona bado nameza tu?"

Binti yangu alichukua pakiti, akaisoma mbele nyuma. "Imeandikwa umalize, Mama. Lakini haisemi kwa nini. Kama umepona, nadhani unajiumiza tumbo bure. Acha, hivyo vilivyobaki tuweke akiba."

Vikawekwa kwenye kopo la vifungo.

Msinione nasimulia taratibu mkadhani nimepoa. Sijapoa. Nataka mwone kwamba hapo hapakuwa na uchawi wala bahati mbaya. Palikuwa na mtoto mwerevu aliyeulizwa swali ambalo shule ilipaswa kumpa jibu lake, na mama aliyemwamini.

Wiki ya tatu kidonda kikarudi. Akala akiba siku tatu, kikakauka, akaacha. Kikarudi tena. Safari hii vidonge havikufanya kitu, hata alipopewa vipya. Mguu ukawa mweusi hadi gotini. Kwenye hospitali kubwa, tabibu, kijana mpole mwenye macho ya usingizi, alitutoa nje ya wodi.

"Vijidudu vilivyomo kwenye damu yake vina usugu. Dawa tulizo nazo haviziogopi. Alimaliza dozi mara ya kwanza?"

Mimi nilimtazama binti yangu. Binti yangu alitazama sakafu.

"Hakumaliza," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aache."

Mke wangu alifariki Ijumaa ya pili ya mwezi wa tisa, saa sita mchana, binti yangu amemshika mguu ule mzima.

Baada ya msiba Daktari alirudi shule, lakini jina lile akalikataa. Mtu akimwita hivyo, anatoka nje. Mwezi wa kumi akaja mwanamke mtafiti kutoka chuo kikuu, na karatasi za maswali ambazo wenyewe wanaziita dodoso. Wanafunzi hawakukawia, wakambatiza Mama Dodoso. Alitaka kujua walimu wa sayansi na wanafunzi wao wanaielewaje ile habari ya viumbe kubadilika, na kama wanaikubali. Kabla hajaingia darasani, Mwalimu Mkuu alitangulia.

"Mkiulizwa kama mmefundishwa sura hiyo, wekeni tiki kwenye Ndiyo. Yanayobaki, zungushieni lolote. Shule hii haitaaibishwa na karatasi."

Wote wakaweka tiki. Binti yangu hakuweka. Alikwama kwenye swali la tisa: dawa iliyokuwa inaua vijidudu vya ugonjwa ikishindwa kuviua, sababu ni ipi? Moja, kila kijidudu kimejifunza kuizoea dawa. Mbili, mwili wa mgonjwa umeizoea. Tatu, vichache vilivyokuwa tofauti tangu mwanzo vilibaki vikazaana. Nne, sijui.

Akaikunja karatasi, akaja nayo nyumbani pamoja na kitabu. Aliingia karakana bila salamu, akachukua koleo langu, akazing'oa zile pini moja baada ya nyingine. Nilizitambua kabla hazijadondoka.

"Baba, njoo."

Akanisomea ukurasa wa mia moja arobaini na mbili. Nami nawaeleza kwa maneno yangu. Vijidudu vilivyomo kidondani havilingani. Vingi ni vinyonge, vichache ni vikorofi tangu kuzaliwa. Dawa huanza kuua vinyonge, mtu anaona nafuu. Akiacha njiani, vikorofi vinabaki na nafasi yote, vinazaa watoto wakorofi kama wao. Ukirudi na dawa ileile, unakuta ukoo mpya. Hakuna kijidudu kilichojifunza kitu. Walioweza kufa wamekufa, wasioweza ndio waliorithi nyumba.

Ndugu zangu, mimi sikuhitaji asome mara mbili. Miaka ishirini na saba navua makochi ya watu, nawajua kunguni kuliko ninavyowajua wajomba zangu. Zamani nilikuwa nanyunyiza dawa moja, kochi linabaki safi. Nikawa nabana matumizi, nanyunyiza kidogo kidogo. Leo dawa ileile wanaiogelea. Nilikuwa nawaambia wateja kunguni wa siku hizi wana kiburi. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nawachagua, nawaua wapole, nawaacha majambazi wazae. Sura ile nilikuwa naiishi kwa mikono, na kwa mikono hiyohiyo nikaifunga. Hapakuwa na babu wa mtu humo. Yule nyani waliyegombana naye hata hakuwamo kwenye ukurasa huo.

"Baba," binti yangu akasema, na sauti yake ilikuwa kavu kama kitambaa cha turubai, "ningeliisoma hii mwezi wa nne, tulipofika sura hii, ningemwambia ameze vyote. Nimemuua Mama."

"Hukumuua wewe."

"Basi nani?"

Nikashika koleo, nikaenda shule.

Nilimkuta Darubini stoo. Nikavuta kitabu cha juu, nikaanza kung'oa. Hakunizuia. Alikaa juu ya boksi, akavua miwani.

"Mzee, nisikilize. Mimi mwenyewe sikufundishwa. Chuoni mkufunzi wetu alifika hapo akasema someni wenyewe. Nami miaka kumi na moja nawaambia watoto someni wenyewe. Mama Dodoso aliponiuliza kama naikubali sura hiyo, nilijibu siikubali. Aliponiambia nieleze inasema nini, nikakiri sijawahi kuisoma."

"Unakataa kitu usichokijua?"

"Niliogopa kukijua. Ningekijua, ningelazimika kukifundisha. Ningekifundisha, wangenifukuza."

"Na mke wangu je?"

Alivaa tena miwani yake.

Nilikuwa nimemaliza kitabu cha kumi na moja Mwalimu Mkuu alipoingia na mlinzi.

"Fundi, unaharibu mali ya shule."

"Vitabu ni vyako. Pini ni zangu. Nimekuja kuchukua pini zangu."

"Nakupa pole kwa msiba. Lakini usiuingize msiba wako kwenye mambo ya kitaalamu. Wewe darasa la ngapi?"

"La nne. Na ulipokuja kunichukua na mashine yangu, hukuniuliza."

Mlinzi, ambaye kiti chake nilikitengeneza bure, alinishika mkono kwa adabu akanitoa getini.

Yule mtafiti alikuja karakana wiki iliyofuata, ana karatasi ya binti yangu mkononi, maana mtoto aliituma baadaye. Alikaa kwenye kigoda cha marehemu bila kujua, nami sikumwinua. Akanieleza kwamba kuelewa ni jambo moja na kukubali ni jingine. Wapo walimu wanaoielewa sura ile wakabaki na mashaka moyoni, na bado wanaifundisha sawasawa. Wapo wanaoikubali kwa mdomo, ukiwauliza wanasema vijidudu vinajifunza, wamekosea palepale. Akasema wabaya zaidi kwa mtoto ni wale wanaopita.

"Mimi ni mtu wa kusali, Mama," nikamwambia. "Nina kosa gani nikijua kijidudu kinazaa nini?"

"Huna kosa, Baba."

"Basi mwambie huyo aliyeko chumbani."

Aliingia, akakaa naye muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Aliandika ripoti, imekwenda wizarani. Najua ilifika, kwa sababu Mwalimu Mkuu alipandishwa cheo mwezi uliofuata. Sasa ni mkaguzi. Anakagua shule nyingine. Vile vitabu hamsini na viwili vilivyobaki bado vina pini zangu. Binti yangu haendi tena shule. Anajaza sponji kwenye mito ya makochi, hasomi hata bili ya maji. Barua zikija nazipeleka kwa jirani.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mkienda shuleni kulalamika, kwanza mwombe msomewe hicho mnachokilalamikia. Sisi tulipigana na nyani wa kusikia, tukamwacha mdudu wa kweli kidondani.

Ninyi walimu, hamkulazimishwa na mtu kuamini. Mliajiriwa kufundisha. Mwenye mashaka afundishe na mashaka yake, mtoto atachambua mwenyewe. Anayepita juu ya sura anapita juu ya kichwa cha mtu.

Ninyi wenye vyeo, mnaoogopa maneno kuliko msiba, mjue kwamba mtoto mliyemficha ukurasa ndiye daktari pekee katika nyumba nyingi za mtaa huu. Mmempeleka vitani mkiwa mmemnyang'anya ngao, kisha mnamwacha aamini kwamba yeye ndiye muuaji.

Na wewe mwenye mikono kama yangu, usiyeuliza kwa sababu anayekuamuru amevaa tai: uliza. Mimi sikuuliza. Nawalaumu wao, na nitawalaumu hadi nifukiwe, lakini mashine haikujipiga yenyewe. Na dawa ukipewa ya siku kumi, imeze siku kumi.

Nimemaliza yangu, limebaki moja si langu. Nyuma ya ile karatasi ya maswali, binti yangu naye aliandika swali lake. Nimelipeleka kwa tabibu, akasema inawezekana vijidudu vile vilikuja na usugu wao tayari kutoka kwa mtu mwingine, hawezi kuapa. Nimelipeleka kwa Darubini, amegeuza uso. Kwa mkaguzi nimetuma mara tatu, kimya. Mtafiti alilia tu. Nami kila siku namtazama akijaza mito, naogopa asije akaniuliza mimi. Nalinakili hapa kama alivyoliandika, yeyote mwenye jibu anajua karakana yangu ilipo:

"Kama kitabu changu kingekuwa wazi, mama yangu angekuwa hai?"