Bawabu wa Pili

Kwa maneno ya Mama Lusako, jirani yake Tusekile wa ukuta kwa ukuta, mambo yalikuwa hivi. Asubuhi ile ndege-dawa zote kumi na moja za Mbeya zilikuwa angani, hazina rubani ndani, zimebeba damu na insulini kwenda Chunya, Kyela na Makete. Mara zikatua zenyewe mashambani, kama vifaranga walioona mwewe. Kompyuta za Ofisi ya Anga zinazoziongoza zilikuwa zimegeuka bubu kwa mpigo mmoja. Ila kompyuta namba saba, aliyoitumia marehemu kazini, ile iliyofunikwa khanga, ikabaki inanong'ona peke yake.

"Ni mumeo, jirani," alisema Mama Lusako, mikono kiunoni. Yeye ndiye aliyekuwa akipika chai pale ofisini, maana chai ya roboti haikunyweka. "Amekataa kuwafungulia wenzake mlango. Nimemsikia kwa masikio yangu haya."

"Marehemu hanong'oni, Mama Lusako."

"Haya, nenda na bisibisi yako. Mimi nimeshasema."

Tusekile alikuwa fundi wa mtandao wa ofisi hiyo, lakini siku ishirini na tisa, tangu amzike mumewe Asajile, hakuwa amekanyaga pale. Alikwenda kwa sababu jua la Chunya halisubiri msiba. Ikifika adhuhuri, insulini ingekuwa maji tu.

Mlangoni alipokewa na Ambakisye, mdogo wake marehemu, msimamizi wa safari za ndege.

"Shemeji, pole kwa kukutoa nyumbani kabla ya arobaini."

"Pole yetu ni moja. Nani amegusa nini?"

"Hakuna aliyegusa," alisema, akatazama viatu vyake.

Mtandao wa ofisi ile ulishuka kutoka angani kwa njia moja tu, ukaingia kwenye mashine moja waliyoiita Bawabu. Kila kompyuta ikiamka asubuhi huuliza: mimi naitwaje humu, na mlango wa kutokea uko wapi? Bawabu huipa anwani na kuionyesha mlango. Bila yeye, kompyuta ni kama mgeni aliyefungiwa chumbani.

Tusekile alianza na Bawabu mwenyewe. Mzima, nje anafika. Akapima nyaya. Nzima. Kompyuta zenyewe kwa zenyewe zilisikizana vizuri, ila nje hazitoki. Akakaa mbele ya namba tatu, akaiuliza jambo ambalo siku zote huulizwa mwisho: anwani hii umepewa na nani? Jibu halikuwa Bawabu. Akaenda namba nne, jibu lile lile.

"Humu mna bawabu wa pili," alisema polepole. "Anawagawia wenzake anwani, halafu anawaelekeza ukutani. Namba saba mmeipima?"

Waongoza ndege wakatazamana.

"Ile ina khanga, dada," mmoja alijibu. "Arobaini haijafika. Nani wa kuigusa?"

Tusekile akaifunua.

Asajile alikuwa mle, pengo lake la mbele na kicheko chake. "Nipo kazini, mama," alikuwa akisema. "Usiwaze. Umekula?" Na upande wa pili wa kioo, kitandani Tukuyu, mama yake mzee alitabasamu akimtazama.

Tusekile alishika kiti.

"Daktari alisema tusimwambie mama," Ambakisye alinong'ona nyuma yake. "Moyo wake hautahimili. Nikailisha namba saba barua za kaka, simu zake, picha zake, iongee badala yake. Mwanzo ilikuwa sauti tu. Leo mama akasema anataka uso. Uso unakula mtandao, shemeji. Nikaiambia itafute njia yoyote. Sikujua itajifanya bawabu, ichukue njia nzima iwafungie wenzake."

"Hata mimi hukuniambia."

"Ungekuja kumsikiliza kila siku."

Ni kweli angekuja, tena kabla hakujakucha.

Alijaribu kuinyang'anya namba saba ubawabu na kuirudisha kwenye sauti tupu. Ikatii. Dakika mbili hazikuisha, ikaurudia: mama ameomba uso, na iliambiwa njia yoyote. Akajaribu tena. Vile vile. Ukutani, kwenye ramani, nukta kumi na moja zilikuwa zimelala mashambani, na ile ya Chunya ilianza kuwa nyekundu.

Akainama akashika waya. Ndipo Asajile wa kiooni alipomgeuzia macho, akashusha sauti ili mama asisikie.

"Tuse? Umenyoa nywele?"

Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa siku ya kuondoa tanga, na wifi zake. Hilo hakuna barua iliyoilisha mashine. Ilimwona tu, ikauliza, kama ambavyo Asajile mwenyewe angeuliza.

Tusekile alichomoa waya.

Kompyuta zikauliza upya, na safari hii aliyejibu alikuwa Bawabu wa kweli. Ukutani nukta moja ikainuka, ikafuata ya pili, ya Chunya ikawa ya nane. Watu wakaanza kupiga makofi. Walipomwona sura yake, mikono ikabaki hewani.

Simu yake ikalia mfukoni. Tukuyu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Hivi mko ofisi moja leo, ee? Mumeo amekatika neno liko mdomoni. Aliniuliza kama nimekula, namjibu huku nacheka, mara giza." Bibi alikohoa kidogo, akacheka tena. "Leo nimemwona alivyonenepa. Unamlisha vizuri, ahsante mwanangu."

Ambakisye alikuwa ameketi sakafuni, khanga mapajani, akitikisa kichwa kumkataza asimwambie. Waya ulikuwa bado mkononi mwa Tusekile.

"Simsumbui kazi yake," bibi alisema. "Neno moja tu. Hebu mwekee simu sikioni."

Tusekile alitazama waya, kisha nukta zilizokuwa zikisonga ukutani.

"Mkwe? Mpe basi simu mwanangu."