Taa ya Okeyo Iliyotoka Ziwani

Taa ilianza kufifia jioni ileile ilipofungwa, na Okeyo, ambaye alikuwa amewaita majirani waje kuishangaa, alisema ni mgao wa umeme.

Haukuwa mgao. Nyumba nyingine za pale Igogo zilikuwa zinawaka vizuri tu, na redio ya mpangaji wa uani ilikuwa inapiga muziki bila kukwama. Majirani walikuwa na adabu; walimaliza soda zao, wakaenda kuchekea kwao. Miaka ile maduka ya mjini yalikuwa yamefurika vitu vya nje, na mtu aliyeajiriwa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hakuridhika tena na glopu inayoning'inia kwenye waya. Okeyo alitaka taa ya kuonekana, ila aliitaka kwa bei ya bure. Kwa hiyo aliinunua mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, kwa mvuvi mmoja ambaye nyavu zake ziliipandisha pamoja na samaki: bakuli la kioo kinene, la meli fulani ya zamani, lenye pete ya shaba. Mvuvi yule hakubishania bei, wala hakumtazama usoni. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Okeyo alijipongeza.

Rozina, mkewe, alikuwa na lake la kumhangaisha. Mtoto wao wa kiume, mchanga hata jina bado, alianza kulia jioni ileile. Tangu hapo kila giza lilipoingia taa ilizama ikawa nyekundu, na mtoto akaanza kulia na kukataa kunyonya. Rozina alikuwa ameshazika mtoto mmoja kabla ya huyu. Alijua mtoto anavyokuwa mwepesi mikononi kabla hajaondoka, na huyu alikuwa ameanza kuwa mwepesi.

Okeyo alishughulikia taa. Alibadilisha glopu, akabadilisha holda, akabadilisha swichi, na mwisho akamwita fundi Maige kutoka Mabatini. Maige alipanda kwenye kiti na testa yake, akapima, akasema umeme unafika wote na nyaya hazina kosa. Kisha alifungua bakuli la kioo. Maji yakamwagika mpaka kwenye kiwiko chake, maji ya baridi yanayonuka matope ya ziwa, na pamoja nayo ukadondoka mzizi wa magugu maji, mbichi kabisa. Dari juu yake lilikuwa kavu. Maige alishuka, akafuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hii haina ubovu, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Umeme unafika, halafu kuna mtu anaunywa."

Aliondoka akasahau testa yake, na hakuirudia.

Mama yake Okeyo, Akelo, alipokuja kutoka Shirati hakujali taa. Alimwangalia mtoto, akasema anadai jina. Kwao ndivyo ilivyo: mtoto mchanga akilia bila ugonjwa, kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa kupitia kwake, na wazee huwataja marehemu mmoja baada ya mwingine mpaka mtoto anyamaze. Aliyemnyamazisha ndiye mwenye jina. Basi jioni Akelo alimpakata chini ya taa, akaanza na babu. Mtoto alilia. Akawataja ami, akawataja mashangazi, na taa ikazidi kuzama mpaka nyuso zao zikaonekana kwa shida. Alikuwa amebakiza mmoja, naye hakutaka kumtaja. Huyo ni Ogada, kitinda mimba wake, mvuvi wa upande wa Busisi, ambaye mtumbwi wake uliokotwa umepinduka bila mtu ndani. Ziwa halikumrudisha. Walimzikia tunda la mvungunya, lile refu na zito ambalo watu wa kwao hulilaza kaburini pale maiti inapokosekana, na Akelo alililia tunda lile mpaka sauti ikamkauka.

"Ogada," alisema hatimaye.

Mtoto akanyamaza. Juu yao taa ikawaka nyeupe pepepe. Okeyo alipiga makofi, Akelo alitokwa na machozi, na Rozina, alipoona mtoto ameng'ang'ania titi, alilia kuliko wote. Wiki zilizofuata mtoto alinona. Majirani waliitwa tena, na safari hii hawakucheka.

Halafu jioni moja mtu alipiga hodi, na Akelo alipofungua mlango alimkuta Ogada.

Alikuwa hai, mifupa mitupu. Aliwaeleza kwamba aliokolewa na boti ya Waganda, akafungwa ng'ambo kwa kuvua bila kibali. Kifungoni alikuwa mzima. Ila mwezi uliopita, jioni moja, alikohoa maji, na tangu siku ile kila giza likiingia humtoka maji kifuani, yeye aliyekaa kwenye sakafu kavu ya gereza, mpaka askari wakaogopa atawafia wakamwachia. Alipokuwa akisimulia alikohoa tena, na maji yakachuruzika kati ya vidole vyake, yakinuka matope, na alipoingiza vidole mdomoni akavuta taratibu mzizi mweusi, mrefu, ambao hakuna aliyethubutu kuuangalia mpaka mwisho, huku taa iliyokuwa juu ya kichwa chake ikiwaka kwa raha.

"Huyu mtoto mnamwitaje?" aliuliza, akijitahidi kutabasamu.

Akelo alikuwa ameshika ukuta.

"Nilimwita marehemu," alinong'ona, "na marehemu hakuwepo. Sasa aliyeitika ni nani?"

Okeyo alirukia kiti aing'oe taa, lakini bakuli lilipoachana na dari mtoto alikata pumzi, midomo ikageuka rangi ya jivu, na Rozina akapiga yowe, na Okeyo, maji yakimwagika mabegani, akairudishia haraka, na hapo ndipo kifua cha mtoto kikapanda tena. Aliyekuwa kwenye kioo alikuwa ameshashika pande zote mbili, mtoto na Ogada. Ikabaki jina. Akelo alimnyanyua mjukuu wake, akamwambia aliyekuwa akisikiliza kwamba anamvua mtoto jina la Ogada, mwenyewe amerudi. Taa ikazama. Ogada akavuta pumzi ndefu, safi, ya kwanza tangu mwezi uliopita. Na mtoto akaanza kulia.

Alilia usiku, akalia mchana. Hakushika titi. Rozina alimpigia Akelo magoti, akamwomba arudishe jina hata kwa siku moja tu, mtoto anyonye.

"Ogada nimeshamzika mara moja," Akelo alisema. "Sitamzika tena."

Rozina akamgeukia mumewe. Okeyo alikuwa amemshika ndugu yake bega.

"Tutazaa mwingine," alisema, kwa sauti ileile aliyoitumia alipokuwa akibadilisha glopu.

Jioni iliyofuata mtoto hakuwa tena na sauti. Alifungua mdomo tu, na kilichotoka ni hewa. Uani wengine walikuwa wanakula ugali na sangara, na Ogada alikuwa anawachekesha kwa habari za gerezani. Rozina alisikia kicheko cha mumewe, kikubwa, cha mtu aliyeshiba. Alisimama chini ya taa akiwa amembeba mtoto aliyekuwa mwepesi kama nguo. Marehemu wote walikuwa wameshatajwa, na aliyekuwa juu hakuwataka. Alitaka mtu anayepumua.

Tangu aolewe Rozina hakuwahi kulitamka jina la mumewe. Adabu haikumruhusu, alimwita Baba Mtoto tu. Aliinamia sikio la mwanawe.

"Okeyo," alisema.

Mtoto alishika titi. Taa ikawaka nyeupe, ikamulika chumba kizima mpaka kwenye kona. Huko uani kicheko kilikatika katikati, sahani ikaanguka, na Akelo akasikika akiuliza kama ni mwiba wa samaki, wampige mgongoni, wampe maji. Rozina alisukuma mlango kwa mguu ukafungika, akaketi amnyonyeshe mwanawe vizuri.