Kompyuta Iliyomkataa Fior

Haya nayasimulia mchana, mlango ukiwa wazi, na bado kila baada ya maneno mawili matatu nageuka kutazama nyuma yangu.

Jioni ile nilikuwa nimeshafunga kibanda changu cha kutengenezea kompyuta, nakwenda dukani kutafuta mkate na salami. Jua lilikuwa linatua upande wa mashamba ya maharage. Mji wote wa San Juan ulinukia vumbi na kahawa ya jioni. Doña Casilda, mama wa mtaani kwetu, akanikuta mlangoni, kanga ya msiba bado mabegani.

"Yocasta, mwanangu, njoo unitazamie ile mashine. Inajizima, inajiwasha. Haina saa, haina sababu."

"Si kesho asubuhi, mama?"

"Leo. Fior ananililia humo ndani."

Ningemkatalia vipi? Miezi michache nyuma tulikuwa tumemzika Amaury, mwanawe wa kiume. Pumu ilimbana jioni moja umeme ulipokatika, mashine yake ya kuvutia dawa kwa mvuke ikakosa umeme, akafa akiwa amekaa kitandani, mikono imeshika magoti. Tangu siku hiyo hakuna mtu mtaani aliyemnyima Casilda kitu. Nikabeba mfuko wangu wa bisibisi na vipuri, tukaenda.

Kompyuta ilikuwa sebuleni, chini ya picha ya Amaury. Mbele ya picha palikuwa na glasi ya maji na mshumaa usiowaka. Fior, dada wa marehemu, alikuwa amejikunja pembeni ya kochi. Yeye ndiye aliyeitumia mashine ile kuwachapia wanafunzi kazi zao za chuo, na nyumba ikala.

"Imeanza lini?" nikamuuliza.

"Baada ya... baada ya msiba."

"Inakukimbia, bibie. Kama yule mchumba wako wa Madrid."

Hakucheka. Aliinuka, akaenda jikoni.

Nikapiga magoti, nikafungua kasha. Kompyuta inayojizima na kujiwasha ina washukiwa wengi. Joto, vumbi, RAM iliyolegea, swichi iliyokwama, umeme mbovu. Kazi ya fundi ni kuwatoa mmoja mmoja mpaka abaki yule asiyeweza kujitetea.

Nikapuliza vumbi. Nikamtoa mende mkavu kwenye feni. Kadi za RAM nikazisugua kwa kifutio na kuzirudisha. Kapasita zote zilikuwa na vichwa bapa, hakuna hata moja iliyovimba. Nikachomoa na waya wa swichi ya mbele, nikaiwasha kwa ncha ya bisibisi.

Ikawaka. Casilda akavuta kiti, akaanza kupitia picha za Amaury, moja baada ya nyingine. Amaury na pikipiki. Amaury mtoni, nywele zimelowa. Tukakaa hivyo mpaka kikombe changu cha kahawa kikaisha, na mashine haikupepesa jicho.

"Imepona," nikasema. "Fior! Njoo uone!"

Fior akaja akijifuta mikono. Mguu wake ukavuka kizingiti.

Tak.

Kioo kikawa cheusi. Feni ikasimama. Kisha, taratibu, ikajiwasha yenyewe.

"Umeona?" Fior akanong'ona. "Umeona inavyonifanya?"

Nikasema ni kile kisanduku kinacholisha kasha umeme. Nikakitoa, nikaweka changu ninachokiamini kama mkono wangu. Fior akarudi jikoni. Mashine ikafanya kazi vizuri kabisa. Nikamwita tena.

Tak.

Nikahamisha waya kwenye soketi nyingine. Nikauhamishia kwenye inveta, ile ya betri inayoshika umeme ukikatika. Mambo yakawa yale yale.

"Fior, nenda dukani ukaninunulie mkate," nikamwambia. Nilitaka tu atoke.

Alipotoka, Casilda akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake sikioni.

"Nikuambie kitu, lakini kife hapa. Betri ya inveta haikuisha yenyewe jioni ile. Niliichaji mwenyewe asubuhi yake. Kuna mtu, Yocasta. Mimi namshuku Próspero aliyetuuzia, labda alitupa betri kuukuu... labda si yeye. Nikaenda kwa Toribia."

Toribia namjua. Kila mtu San Juan anamjua. Ni yule mama wa mtaa wa juu anayepandwa na mizimu, ambaye watu humwendea kwa mlango wa nyuma.

"Ukamwomba nini?"

"Nilimwambia, simjui mtu. Aliyemnyima mwanangu pumzi, naye anyimwe. Basi. Akachinja kuku, akanipa maji ya kuweka chini ya picha." Akatazama ile glasi. "Toribia alisema laana yenyewe itamtafuta mwenye kosa. Mimi nisubiri tu."

Nje nikasikia ndala za Fior kwenye kokoto. Zikapita geti. Zikakaribia.

Hata mlango hakuwa ameugusa.

Tak.

Safari hii nilikuwa karibu, sikio langu likielekea kasha. Feni ilipokufa, katika ule ukimya kabla ya kujiwasha, nikasikia.

Pumzi.

Nyembamba, yenye filimbi ndani yake, kama hewa inayolazimishwa kupita kwenye tundu la sindano. Ikavutwa... ikashindwa... ikavutwa tena. Na harufu ya ile dawa ya mvuke ikajaa sebule nzima.

"Ni yeye," Casilda akasema. Alikuwa anatabasamu, machozi yakimtiririka. "Kila ikizimika namsikia. Ndiyo maana nilisita kukuita mpaka leo."

Akachukua mkate kwa Fior aliyekuwa ameshaingia, akaenda jikoni kutuchemshia tangawizi. Nikabaki na Fior. Washukiwa wangu wote walikuwa wameisha. Alibaki mmoja.

"Fior. Ile jioni ulikuwa wapi?"

Akatazama sakafu.

"Umeme ulikatika," akaanza, kwa sauti ambayo ilibidi niinamie kuisikia. "Inveta ikashika. Mimi nilikuwa hapa, kwenye hiki kiti, naongea na yule wa Madrid. Tulikuwa tunagombana. Amaury akaniita kutoka chumbani. Akasema, Fior, izime hiyo, nataka kuwasha mashine yangu, betri ni ndogo."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ngoja. Akaita tena. Nikaongeza sauti ya spika, Yocasta! Niliongeza sauti nisimsikie... Betri ilipokata ndipo nikanyamaza. Na yeye alikuwa ameshanyamaza."

"Mama anajua?"

"Nilimwambia inveta iliharibika. Nikasema nilikuwa nimelala."

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema mashine imekufa, nunueni nyingine, nikachukua bisibisi zangu nikaenda kula. Siku nyingi tangu hapo nimelala nikijiuliza kwa nini sikufanya hivyo. Lakini fundi akishaona tatizo lilipo, ulimi unamwasha.

"Lazima umwambie. Leo hii."

"Ataniua."

"Anakuua tayari, mjinga wewe, hajui tu!" Nikamweleza habari za Toribia, kwa kunong'ona, neno kwa neno. Nikamwonyesha glasi.

Uso wa Fior ukabadilika. Mkono wake ukapanda taratibu mpaka kooni.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ndiyo maana kila jioni nakalia kitanda nashindwa kuvuta..."

Umeme ukakatika.

Mtaa mzima ukaguna, "Aaaah!" Muziki wa dukani ukafa katikati ya wimbo. Giza la magharibi likaingia ndani. Kompyuta nilikuwa nimeirudisha kwenye soketi ya ukutani, haina inveta, haina betri, haina chochote.

Feni yake ikaanza kuzunguka.

Polepole. Kwa kusuasua. Halafu si feni tena. Ilikuwa inavuta... inashindwa... inavuta. Nikamsikia Fior kando yangu naye anavuta. Anashindwa. Filimbi ile ile sasa ilikuwa inatoka kifuani mwake. Alianguka kwa magoti, akashika kochi.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mama, lete taa!"

Casilda akaja na mshumaa. Mwanga ukampiga Fior usoni, midomo imekuwa rangi ya majivu.

"Mimi," Fior akasema. Kila neno alilivuta kama ndoo kutoka kisimani. "Mama... ni mimi. Aliniita. Nikamwambia... ngoja."

Casilda akasimama. Nta ya mshumaa ilimmwagikia mkononi na hakuusogeza. Kompyuta ikavuta pumzi, Fior akavuta pumzi, na mimi niliyewafikisha hapo nikabaki nimeshika bisibisi.

"Alikuita mara ngapi?" Casilda akauliza.

Fior alifungua mdomo, ikatoka filimbi tu.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu kama wa Casilda ulivyozeeka pale. Aliweka mshumaa chini. Akamwendea bintiye. Nilidhani atampiga, na kweli alimpiga, kofi moja la mgongoni, halafu jingine, halafu akaanza kumsugua mgongo ule kwa viganja vyote viwili, analia, anamtukana.

"Pumua! Pumua, shetani mkubwa we! Mwongo! Muuaji! Pumua, mama yangu, pumua, usinifanyie hivi... Amaury, mwache! Nimekosea, mwanangu, sikujua, mwache!"

Akageuka, akaichukua ile glasi chini ya picha, akaitupa ukutani. Ikapasuka. Maji yaliyotiririka kwenye plasta yalinuka kama kitu kilichofia ndani.

"Umeme umerudi!" watoto wakashangilia nje.

Taa zikawaka. Fior akavuta hewa yote ya chumba kwa mkupuo mmoja, akalala chali sakafuni. Kompyuta ilikuwa imetulia juu ya meza, inaonyesha picha ya Amaury mtoni.

Kesho yake niliwasindikiza kwa Toribia, kwa mlango wa nyuma. Alimsikiliza Casilda mpaka mwisho, akiwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Ulichoniomba nilikituma," akasema. "Ningekirudisha, lakini hakiko mkononi mwangu. Aliyekipokea ni marehemu mwanao. Mwambie yeye."

"Nilimwambia amwache!"

"Mwambie aende, basi." Toribia akamtazama. "Umemwambia aende?"

Casilda akajifunga kanga yake, akatoka. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yetu, peke yake.

Tangu hapo kompyuta ile haijajizima hata mara moja. Fior anachapa kazi za wanafunzi kutwa, hata mimi nimewahi kuitumia. Lakini jioni umeme ukikatika, kifua chake hubana mpaka umeme urudi. Daktari wa mjini alimpima, akasema pumu ni ya ukoo, akasema pia ni mawazo. Alimpa dawa ya kuvuta. Kuna siku inamsaidia, na kuna siku tunabaki tukimsugua mgongo tu.

Nami nakwenda kila jioni. Hakuna aliyeniita. Nakwenda kwa sababu mimi ndiye niliyemlazimisha aseme, na tangu aseme sijaona mama na binti wakila meza moja. Casilda anampikia, anamfulia, hamtazami usoni.

Wiki iliyopita nilifika na mkate. Umeme ulikuwa upo. Casilda alikuwa amekaa kwenye kiti cha kubembea, nje ya mlango wa chumba cha Amaury.

"Kaa, Yocasta," akasema. "Wewe una akili ya kutenganisha vitu. Nitenganishie hiki. Nikimfukuza Amaury, nitakuwa nimemzika mara ya pili. Nisipomfukuza, atanimalizia huyu niliyebaki naye. Mama gani anachagua?"

Nikauweka mkate kwenye kizingiti.

Fior akatoka jikoni na kahawa, akasimama kando yangu, sinia mkononi. Alikuwa amesikia.

"Mama," akasema, taratibu. "Mwambie aende. Nakuomba."

Umeme ukakatika.

Ndani ya chumba cha Amaury, nyuma ya mlango uliofungwa, mtu akakohoa. Kikohozi kidogo, cha mtu aliyeamka sasa hivi na anatafuta maji.

Fior alikuwa ameshika mkono wangu. Sinia lilibaki kwenye mkono wake mwingine, na filimbi ikaanza tena kifuani mwake.

Casilda akainuka. Akatutazama, mimi kwanza, kisha binti yake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimtazama usoni, kwa huruma kabisa, kama mtu aliyekwisha kuchagua, anamuaga.

"Naja, mwanangu," akasema.

Akaingia kule ndani, akaufunga mlango.