Dada Kashinda Kaunti

Martina, muuza manukato wa mtaa wa Al Mankhool katika mji wa Kiarabu, alisinzia ndani ya metro, treni ya mjini, kichwa kikalala begani kwa mtu asiyemjua. Alizinduka stesheni ya Al Qusais, akakuta bega ni la Cyrus, askari wa hoteli, sare yake imenyooka kwa pasi.

"Nimepita stesheni yangu juu yako," Cyrus alimwambia kwa Kiswahili cha Kenya. "Ulikuwa unaagiza chipsi mayai kwa ndoto. Ningekuamsha aje?"

"Zililetwa?"

Wakacheka, wakapeana namba za simu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mji mzima ukaanza kunukia udi kwa Cyrus, hata lami yenye joto. Baada ya miezi michache akapanga kumposa Ijumaa.

Ijumaa hiyohiyo Martina akampigia simu huku akipiga vigelegele. Dada yake Paskazia, muuguzi Uingereza, alikuwa amegombea udiwani wa kaunti, na matokeo yalikuwa yametangazwa.

"Dada kashinda, mpenzi! Kawabwaga Wazungu!"

"Hongera," Cyrus alisema, akakata. Tangu hapo hakupokea simu zake.

Martina hakuvumilia. Akavaa gauni lake la kitenge cha manjano, akamfuata hotelini.

"Mbona umeninunia, baba?"

"Si utaenda UK? Dadako ni mheshimiwa sasa. Kwetu MCA, yaani diwani wa kaunti, akishinda, familia yote inapata kazi. Utakumbuka soja wa hoteli kama mimi kweli?"

Martina alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Akampigia Paskazia simu ya video. Diwani akatokea na sare ya uuguzi, kalowa mvua, yuko kituo cha basi.

"Dada, mwambie Cyrus gari lako la udiwani liko wapi."

"Gari? Shemeji, tangu nishinde nimeletewa malalamiko ya mashimo ya barabarani tu. Na kazi hapa kila mtu anaomba mwenyewe, hata ndugu yangu."

Cyrus akacheka kwa aibu. Martina hakucheka tena.

"Kwa hiyo uliniacha bila hata kuniuliza? Ningeitwa, ningekwambia twende wote."

Ilimuuma Cyrus, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Nisamehe, sweetie. Niliogopa. Ijumaa ile nilitaka kukuuliza kama utanioa... yaani, kama nitakuoa."

"Jamani, huyu naye!" Paskazia alipiga kelele kwenye simu. "Martina, jibu, basi linakuja!"

Taa za barabara zilikuwa zinaanza kuwaka, na Martina akajiona kama bado yumo ndotoni mle ndani ya metro.

"Nitaolewa na wewe," alisema, akimshika mkono. "Ila ukiogopa tena, Cyrus, uje uogopee kwangu, usinikatie simu."