Gia ya Mayai ya Kukhu

Lynette alipenyeza kisu chini ya gia, akaibandua taratibu kwenye bamba la printa. Plastiki ilikuwa bado na joto. Mjomba wake Wanzala, fundi wa redio hapo Shinyalu, ndiye aliyemfundisha kuchora vipuri kwenye kompyuta, kisha kuvichapa kwa printa inayoyeyusha uzi wa plastiki, tabaka juu ya tabaka.

Gia hiyo ilikuwa ya mashine ya kuangulia mayai. Ile ya zamani ilikuwa imelika meno, na trei haikugeuka tena. Ndani mlikuwa na mayai tisini, siku yao ya kumi. Yasipogeuzwa, vifaranga hushikamana na gamba wakafa.

"Umemaliza, ama nivue nguo za kanisa nigeuze kwa mkono?" Kukhu Roda, bibi yake, aliuliza akiwa mlangoni. Alikuwa anaenda Butere kwenye mkutano wa akina mama, na angelala huko.

"Imekamilika, Kukhu."

"Umeijaribu?"

"Nimeijaribu."

Hakuwa ameijaribu. Aliifunga haraka, akawasha. Trei ikainama polepole.

"Injinia wangu!" Kukhu alicheka, akachukua mkoba. "Leo Butere watanikoma kwa kujisifu."

Alipotoka tu, Lynette akasikia: tak. Gia iliruka jino. Tak, tena. Trei ikasimama katikati.

Nje pikipiki ilinguruma. Lynette aliganda. Angeweza kuyageuza mayai mwenyewe kwa siri, lakini kesho ilikuwa Jumatatu, na shule ni hadi jioni. Nani angejua? Wangesema ni umeme uliopotea. Tak. Alichomoka mbio hadi langoni.

"Kukhu, usiende! Nilikudanganya. Sikuijaribu. Inaruka!"

Kukhu, mguu mmoja tayari juu ya pikipiki, akaushusha chini.

"Nyanya, tunaenda ama hatuendi?" dereva aliuliza.

"Zima pikipiki, kijana. Kwani Butere inahama?"

Akarudi ndani, akavua viatu, akapiga simu Butere kusema hatafika leo, kisha akampigia Wanzala.

Mjomba Wanzala alifika na kalipa yake ya kupimia. "Ulipima nini ulipochora?"

"Gia ya zamani."

"Iliyolika? Basi umeichapa pamoja na ugonjwa wake. Pima gurudumu la chuma linaloshikana nayo. Hilo ni zima."

Lynette alifuta mchoro wote, akaanza upya, huku Kukhu akigeuza mayai, moja baada ya jingine.

"Unanikasirikia, Kukhu?"

"Nimekasirika, ndiyo. Lakini sikiza. Gia mbaya utaichapa tena hata mara kumi. Hawa wa ndani ya gamba hawachapwi tena. Ukiwa hujajaribu, sema hujajaribu."

"Na kesho ukitoka shule," mjomba akaongeza, "tutaichapa na kuiacha izunguke saa nzima tukiitazama. Ndipo utasema iko tayari."

Lynette alihifadhi mchoro uliokuwa umefikia meno saba kati ya ishirini, akanawa mikono, akachuchumaa kando ya Kukhu, akaanza kugeuza safu ya pili ya mayai.